Bila Mkono Hata Mmoja

Jumamosi, 1 Machi

Boksi limefika! Limekaa mezani, mahali pa sahani ya mke wangu, na mpaka sasa sijalifungua. Nalitazama tu. Ndani yake kuna gari la kupanda mawe, la rimoti, vipande vipande, linamsubiri mtu mwenye akili aliunde. Mtu huyo ni mimi.

Mpango ni huu. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, hukutana watu wazima kabisa, wenye pensheni na miwani, kupandisha magari ya rimoti juu ya mawe. Wakimaliza hukaa kivulini, wakanywa chai na kucheka. Mimi ni msoma mita za maji. Napita pale kila mwezi kusoma mita ya kibanda cha mlinzi. Wanacheka sana wale watu. Sijawahi kuambiwa kaa. Lakini Jumamosi ijayo wana mashindano. Mshindi watamwacha asimame? Thubutu! Watamkalisha katikati.

Ningeweza kuomba tu kujiunga. Lakini mtu wa heshima haombi kiti, anapewa.

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu kapiga simu. Yuko kwa binti yetu, analea mapacha. Alikwenda kwa muda mfupi, mwaka jana. Kauliza nakula nini na nazungumza na nani. Nikamwambia nina marafiki tele, chama kizima cha magari ya mawe, nyumba haipumui kwa wageni. Akauliza mbona kimya hivyo. Nikasema wamelala. Akauliza asubuhi yote hii? Nikasema wamechoka kucheka.

Akashusha pumzi. Akasema amefarijika, maana kilichokuwa kinamkosesha usingizi ni upweke wangu. Kama nina wenzangu, basi hana haraka ya kurudi.

Hilo sikulitegemea. Nilitaka tu anione wa maana. Nitalirekebisha siku nyingine.

Nimefungua boksi. Skrubu kibao, ndogo kama mbu. Kuna karatasi ya maelekezo. Nimeiweka chini ya mguu wa meza, ule unaocheza.

Jumatatu, 3 Machi

Gari limekamilika! Tatizo dogo. Nikibonyeza mbele linarudi nyuma. Nikibonyeza nyuma linakwenda mbele. Limeingia kinyumenyume chini ya kabati na nimelitoa kwa ufagio. Mwingine angekata tamaa. Mimi nimelifungua bodi, lile ganda la juu lenye vioo na taa, nikaligeuza. Sasa nyuma ndiyo mbele na gari linakwenda linakotazama. Kweli, usukani umebakia kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo likikata kona linatupa makalio kama bibi harusi anayechungulia. Nitalizoea.

Nilikuwa nalizungusha uani, mara kichwa kikatokea juu ya ukuta. Jirani yangu, daktari wa meno. Huyu ni mwanachama wa kule machimboni. Namwita Meno, ingawa si mbele yake. Gari lake alilinunua likiwa limeshaundwa, hajui hata skrubu moja inakaza upande gani. Akalitazama langu, akasema anadhani nyaya mbili za mota zimepishana, nizibadilishe tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Akasema nikipenda anaweza kuja kunisaidia sasa hivi.

Ahaa! Ndivyo wanavyoanza. Leo anagusa waya, kesho ana siri zangu zote kiganjani. Nikamwambia nimefanya makusudi. Akauliza makusudi gani. Nikamwambia ni mtindo mpya. Kichwa kikazama. Nikamsikia akimsimulia mkewe, wakacheka wote wawili. Sauti ya mkewe inavuka ukuta vizuri sana jioni.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeshughulikia difu. Difu ni ile gia inayoruhusu gurudumu moja lizunguke zaidi kuliko mwenzake. Barabarani ni neema, kwenye mawe ni balaa: gurudumu lililo hewani linazunguka bure na lililo chini linalala usingizi. Nimeijaza gundi. Sasa yanazunguka pamoja, yatake yasitake.

Kisha uzito. Gari la mawe linataka liwe zito chini na mbele, jepesi juu, la sivyo litapinduka. Nimekwenda kwa fundi wa magurudumu kuomba vipande vya risasi, vile anavyobandika kwenye ringi za magari makubwa ili zisitetemeke. Kanipa bila kuuliza. Nimekaa pale kidogo, nikamweleza habari ya difu. Akasema eeh. Nikamweleza habari ya mke wangu na mapacha. Akasema eeh. Nikaja kugundua ameshaingia chini ya lori na eeh ile alikuwa anamjibu mtu mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Leo ndio siri yenyewe. Nikiandika hapa hakuna atakayesoma.

Matairi ni laini, na ndani yake lazima kuwe na sponji ili yasilale. Sponji lililokuja na boksi ni gumu. Linaruka juu ya jiwe badala ya kulikumbatia. Nimezunguka nyumba nzima nikibonyezabonyeza. Kochi letu lina viti vitatu: changu, cha mke wangu, na cha mgeni. Changu kimeshalala siku nyingi. Cha mke wangu hakiguswi. Cha mgeni ni kizima kabisa, hakuna aliyekikalia tangu mke wangu aondoke. Nikachukua mkasi.

Nimepanga matofali, sufuria iliyofunikwa na pasi ya zamani, ukawa mlima. Gari likaupanda! Matairi yanabonyea, yanashika, yanang'ang'ania. Nilipiga kelele za furaha. Nikageuka nimwonyeshe mtu.

Nikazima betri. Nimelala mapema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kupeleleza sheria. Mwenyekiti wao ni mwalimu wa michezo mstaafu. Filimbi haitoki shingoni, kwa hiyo wote wanamwita Bibi Kipenga. Nimebisha hodi nikasema nimekuja kusoma mita. Akasema si niliisoma juzi? Nikasema maji hayatabiriki.

Sheria ni rahisi. Gari linapita katikati ya vijiti vilivyochomekwa juu ya mawe, mpaka lango la mwisho. Muda hauhesabiwi. Likinasa au likipinduka, mtu analiinua, na hiyo inaitwa mkono. Kila mkono ni kosa. Mwenye mikono michache ndiye bingwa, na mchezo haujaisha mpaka filimbi ilie. Nikauliza kuna aliyewahi kumaliza bila mkono hata mmoja? Akacheka. Akasema hakuna, na kwa nini awepo, raha yenyewe si kupeana mikono? Kisha akaendelea kusema mambo mengine ya chai na urafiki ambayo sikuyasikiliza vizuri, nilikuwa napanga.

Bila mkono hata mmoja! Nimeamua. Nimelisema njia nzima mpaka mbwa wa nyumba ya kona akanyamaza.

Ijumaa, 7 Machi

Hodi! Mlangoni kwangu! Nilidhani wamekosea nyumba. Ni Meno. Kasema kesho twende pamoja kwa gari lake, na kwamba leo mkewe hayupo, hivyo ameona aje tukae kidogo, tupige soga.

Moyo wangu uliruka. Mguu wangu ulishaanza kumpisha. Halafu nikakumbuka kiti cha mgeni. Akikikalia tu, anafika kwenye mbao, anauliza sponji limekwenda wapi, na siri ya matairi imekwisha! Nikajaza mlango kwa mabega. Nikamwambia samahani jirani, nyumba imejaa wageni, hata pa kuweka mguu hapapo. Akachungulia chini ya kwapa langu. Alichoona ni meza, na gari limekaa mahali pa sahani ya mke wangu. Akasema haya jirani, siku nyingine basi. Akasimama kidogo. Akaenda.

Ujanja mtupu, na nimeushinda.

Nimeandaa chupa kubwa ya chai ya kesho. Vikombe nimevifuta vyote, hata vile vya harusi yetu. Chama kizima kitakunywa kwangu.

Jumamosi, 8 Machi

NIMESHINDA! Nitaandika kwa utaratibu.

Nilikwenda kwa miguu, gari kwapani, chupa begani, vikombe vikilia kwenye mfuko. Wenzangu walianza. Aibu tupu! Gari likiinama kidogo tu, mwenyewe anaita nipe mkono, na mwenzake anakimbia kuliinua, wanacheka wote. Meno peke yake alimaliza na mikono mitatu na bado alikuwa anajipiga kifua. Hawajui kushindana hawa.

Zamu yangu. Lango la kwanza, laini. La pili, laini. Wakaacha kucheka. Mmoja akauliza mbona usukani uko nyuma. Meno akamjibu kwamba ni mtindo mpya. Sikuona dalili ya dhihaka usoni pake, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Jiwe la mwisho linaitwa Kipara, kwa kuwa halina pa kushika. Karibu na kilele nikakata kona, makalio yakateleza, na gari likaangukia kwenye ufa, chali, magurudumu yanapiga teke hewa. Meno akakimbia mkono mbele. Nikapaza sauti: asinipe mkono! Akasimama. Akasema kwa upole kwamba ni mkono mmoja tu, na bado nitakuwa mbele ya wote. Nikamwambia sihitaji mkono wa mtu.

Nikaanza kuyazungusha magurudumu mbele, nikayasimamisha ghafla, nyuma, nikayasimamisha. Zile risasi zikalitikisa gari kidogo. Tena. Tena. Walisubiri, niwe mkweli, walisubiri sana. Kisha mmoja akaenda kivulini. Wa pili akamfuata. Bibi Kipenga naye akasema miguu inamuuma. Nikawasikia wakifungua chupa zao na kucheka, uleule mcheko wa siku zote. Nikabaki juani na gari, na Kipara, na mjusi mmoja. Chupa yangu ilikuwa miguuni, imefungwa.

Na likageuka! Likatikisika, likapinduka, likabingirika mpaka ng'ambo ya lango la mwisho, likatua kwa magurudumu yote. Shahidi ni mjusi tu. Nikawaita. Bibi Kipenga akaja, akakagua ufa, akakagua alama kwenye vumbi, akatangaza: mikono sifuri, bingwa ni mimi.

Wakaja wote. Wanatabasamu, mikono imenyooshwa, Meno mbele kabisa. Hapo nikaona mtego. Filimbi haijalia! Waniguse tu kabla ya filimbi na sifuri yangu imekwisha. Nikaficha mikono mgongoni pamoja na rimoti, nikapiga kelele: msinipe mkono! Hakuna wa kunipa mkono hapa!

Mikono ikabaki hewani. Kisha ikashuka, mmoja mmoja. Meno alifuta wake kwenye suruali, ingawa ulikuwa safi. Bibi Kipenga akapuliza filimbi, polepole, kama mtu anayepoza uji.

Nikautoa mkono wangu. Walikuwa wameshageuka kukusanya vitu vyao.

Baadaye Meno akarudi, akasimama mbali kidogo. Kasema wanakwenda kula kwa Bibi Kipenga, nafasi kwenye gari ipo, nisikae mwenyewe. Nilitaka kwenda. Niandike hivyo, maana ni kweli. Lakini gari langu lingewekwa kwenye buti, na kwenye buti kuna nini? Giza na vidole. Nikamwambia nina wageni nyumbani wananisubiri. Akasema ndiyo, wale wageni. Hakuuliza tena.

Nimerudi kwa miguu. Chai ilikuwa bado ya moto. Nimekunywa kikombe kimoja, na vikombe vyote nimeviosha kwa sababu vimeingia vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kapiga simu. Nimemsimulia yote. Jinsi walivyonipa mikono mpaka bega linauma. Jinsi walivyonikalisha katikati, wakamaliza chai yangu, wakaomba nyingine. Jinsi Meno alivyolia kwa furaha. Nilipiga chuku mpaka mwenyewe nikaanza kufurahi.

Akasema basi ni vizuri. Kasema binti yetu amepata msaidizi, na yeye alikuwa ameshafunga begi ili anishtukize kesho, kwa vile Jumapili iliyopita sauti yangu haikumkalia sawa. Lakini kumbe ni yeye tu na wasiwasi wake. Kama nina watu wangu na nyumba imejaa, hataki kuja kutubana. Atabaki mpaka mapacha waanze shule.

Ulimi ulikuwa na la kusema. Nikasema vizuri. Nikasema kweli, hapa hata mgeni hana pa kukaa.

Nimewaza siku nzima nilikosea wapi, na jibu nimelipata. Gari moja! Mtu wa gari moja ni mpita njia. Mwenye mawili ni mwenyeji. Nitaunda la pili, laini kuliko hili, nishinde tena bila mkono hata mmoja, na safari hii watanikalisha wenyewe.

Sponji la kiti cha mgeni limekwisha. Cha mke wangu bado kimejaa, kina kile kibonde kidogo alipokuwa akikaa. Nimekipigapiga kwa kiganja mpaka kibonde kimetoka.

Nimeleta mkasi.