Asilimia za Moyo wa Mume Wangu

Jumanne, 4 Machi
Siku ya thelathini na tisa ya ndoa! Leo kanipikia chai mwenyewe, akaniita malkia, nikamwaga nusu kikombe kwa furaha. Lakini daktari anasema mishipa inayolisha moyo wake imekuwa myembamba. Ijumaa atapimwa kwa ultrasaundi, tujue moyo una nguvu gani ya kusukuma damu. Wifi keshatangaza: ukionekana dhaifu, kaka yake atahamia kwake, akauguzwe na mtu mwenye uzoefu. Yaani si mimi. Thubutu!

Jumatano, 5 Machi
Mpango wa kwanza. Kila mtihani una maandalizi, na mimi sikuwahi kufeli ila hesabu. Na fizikia. Nimemwamuru alale kutwa ili moyo ujiwekee akiba ya nguvu. Nimemlisha kwa kijiko. Yale macho yake! Saa kumi wifi akaingia, akamkuta chali, taulo shingoni, akaangua kilio akidhani kazidiwa. Kaondoka na begi la nguo za mume wangu. Hadi shati la harusi!

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa pili. Moyo unaodunda sana ndio utakaofaulu, na nani anaudundisha ule kuliko mimi? Nimelipiga pasi gauni la harusi.

Ijumaa, 7 Machi
Mume wangu kalala ubavu wa kushoto, jeli kifuani, mpimaji anazungusha kifaa chake. Nikachomoza nyuma ya pazia na gauni langu, nikamnong'oneza lile jina la chumbani. Mapigo yakaruka hadi mia na kumi na nane! Mpimaji akaniambia, kwa upole wa mtu aliyechoka, kwamba moyo anautaka umetulia, na kwamba mkia wa gauni umechomoa waya. Nikatolewa. Nje alikuwepo wifi, kakumbatia lile begi. Akasogea, nikaketi naye benchi moja.

Tukaitwa kwa daktari. Hamsini na nane kwa mia. Nikalia! Shuleni kwetu alama hiyo huitiwa mzazi.

"Tulia, bi harusi," daktari akasema. "Hakuna moyo unaopata mia. Kila pigo husukuma nje sehemu tu ya damu iliyomo, na huu unasukuma zaidi ya nusu. Ni moyo wenye nguvu. Dawa atameza, kutembea atatembea, ila anarudi nyumbani kwake."

Nyumbani kwake! Wifi akanikabidhi begi. Akanikumbatia, kisha akasema pasi sijui kupiga.

Jumamosi, 8 Machi
Tumezunguka mtaa mara mbili, mkono kwa mkono, bila haraka. Nimelala mchana kama mtoto. Mume ninaye!

Jambo moja tu linanikera. Mzee aliyepimwa kabla yetu alipata sitini na mbili, na mkewe alihakikisha benchi zima limesikia. Tunarudi kupimwa baada ya miezi sita. Nimeshakata mkia wa gauni. Safari hii hakuna waya utakaochomoka.