Chupa ya Mayai Isiyorudi Tupu

Nguvumali, Tanga

Kwa Ndugu Yakoub,
Bweni, Pangani.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DADA YAKO NA ACHARI YAKE YA MAYAI

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, ila joto la kaskazi limetukalia kichwani. Nakuandikia wewe kwa kuwa Bi Mwanamwema, tangu afiwe na mumewe, mkubwa wake ni wewe. Na mimi jirani yake, Hatibu fundi baiskeli, uvumilivu umenishinda.

1. Kila kaskazi, arusi na maulidi zikipamba moto, dada yako hutengeneza achari ya mayai ya kupeleka kwenye shughuli. Huyachemsha, huyamenya, huyatoboa kwa kijiti, kisha huyatumbukiza kwenye chupa ya siki, ndimu, pilipili, saumu na bizari. Hapo sina ugomvi. Ugomvi ni kuniletea chupa nzima nimwonjee chumvi, eti yeye ana presha na daktari kamkataza. Mtaa wote huu hakuna ulimi mwingine?

2. Kwetu, wajua, ni aibu kumrudishia jirani chombo kitupu. Nikairudisha chupa na ndizi mbivu. Ikaja imejaa mayai. Nikatia tende. Ikaja imejaa mayai. Vya dukani vikaniishia, nikaingia jikoni, mimi ambaye tangu mke wangu afariki sikuwahi kupika zaidi ya chai. Sasa nakaanga visheti. Vya mwanzo vilikuwa vigumu hata kuku wa dada yako walivisusa.

3. Chakula chenyewe kina masharti. Kijiko kikiwa na tone la maji, achari yote inaota ukungu. Basi naosha grisi mikononi, najifuta, najipepea, ndipo nachota, na wateja wananisubiri baiskeli zao zikiwa zimepinduliwa miguu juu. Jumbe muuza samaki ameanza kunipa hongera kila akipita. Sijui ananipongeza kwa lipi.

4. Siku hizi nafanya kazi nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, kwa sababu saa ya chupa kufika haijulikani. Fundi baiskeli ndani ya kanzu nyeupe! Anayefaidika ni dobi.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juma lililopita kulikuwa na arusi Ngamiani, na chupa ikaenda moja kwa moja bila kupitia kwangu. Nilikaa barazani mpaka Magharibi, visheti vikiwa tayari kwenye sinia. Baadaye nikasikia chumvi kaionja Mwinyijuma muuza mkaa. Mwinyijuma, ambaye ukimpa chai ya chumvi anakunywa na kushukuru! Siku ile sikula. Niliumia, ndugu yangu, na sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo naomba umwamuru aache kabisa kutengeneza achari hiyo. Akikataa, mchukue akakae kwako Bweni, ng'ambo ya mto, ambako chupa itabidi ipande kivuko kabla haijanifikia. Akikataa na hilo pia, basi andika barua rasmi ya kumkataza Mwinyijuma kuonja chochote.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mkeo Bi Asmahani mpe shikamoo yangu, watoto wabusu, na majirani wasiojua habari hii waambie tu kwamba Hatibu anawasalimu.

Wako mwenye dhiki,
Hatibu, fundi baiskeli.

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, chupa imeletwa. Chumvi imezidi, nimemwambia iko sawasawa. Hayo ya kumhamisha yafute. Njoo Ijumaa, maana baada ya Alasiri wazee wangu watafika kwa dada yako kuleta posa, na chupa watakuwa nayo. Nimeijaza visheti, na vya safari hii vinatafunika. Kama ananikubali, aizuie hukohuko kwake. Mayai nitakuja kuyala hapohapo.