Upepo wa Asubuhi ni wa Wakubwa

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Warusha Ndege Ndogo za Rimoti,

Na hilo la zamu za kurusha ndilo nililotaka kulimalizia juzi nje ya ofisi yako, kioo cha gari lako kilipopanda na kuniacha mdomo wazi. Kabla hakijafunga kabisa ulisema, "Andika barua, bibie." Nimeandika. Mimi ni mtu wa kutii, tena niko kwenye fungate, na aliye kwenye fungate hana hasira, ana wino tu.

Huenda kwa kelele za injini hukusikia mimi ni nani. Mimi ni mke wa yule mwanachama mnayemwita Gundi. Tumeoana juzijuzi, na mapambo ya ukumbini bado yako juu ya kabati kwa kuwa sina moyo wa kuyatupa. Jina la Gundi anastahili. Siku ya harusi alikuwa ametoka kubandika mkia wa ndege asubuhi ile ile, na ulipofika wakati wa kunivisha pete, pete ikakataa kubanduka kwenye vidole vyake. Ukumbi mzima ulisubiri. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, ukishindwa kuiachia, basi oa mkono wako." Nilicheka hadi wanja ukanitiririka, na hapo hapo nikajua nimepata mume.

Nampenda, Mwenyekiti, na sisemi hivyo kwa kupamba barua. Akinywa chai mimi humtazama tu. Akirudi kazini husimama mlangoni na kuita "Natua!" kama mnavyoita uwanjani ili watu wapishe njia, nami hupisha ndoo, viatu na chochote kilicho mbele, halafu nasimama pale pale kwenye njia ya kutua.

Sasa kazi yake. Mume wangu hutengeneza majeneza. Naiandika kwa mwandiko mkubwa kwa sababu ni kazi halali, na mtu anayeona haya kuitaja kazi halali namhurumia kama ninavyomhurumia mtu mwenye kigugumizi. Karakana yake iko nyuma ya maduka ya samani. Mbele zinauzwa meza na vitanda, nyuma ni yeye, vumbi la mbao na harufu ya vanishi. Mabawa ya ndege huyakausha juu ya jeneza ambalo halijatiwa vishikio, kwa kuwa ndipo mahali pekee palipo sawa. Na jeneza likiisha hulilaza juu ya gogo moja kutafuta mahali uzito unapokutana, vile vile anavyoipima ndege kwa ncha za vidole, ili wabebaji wa mbele wasilemewe. Hakuna aliyemwagiza. Ni mazoea tu ya watu wa ndege.

Miaka yote hiyo uwanjani hakuna aliyemuuliza mwenzake anakula kwa kazi gani. Mtu alijulikana kwa ndege yake, na zamu ilikuwa ya aliyewahi kufika. Kisha ukaja wewe na tangazo lako, lililobandikwa kwenye nguzo ya banda, kwamba kila mwanachama aandike kazi yake kwenye kofia "kwa ajili ya kufahamiana," na kwamba zamu zitafuata kazi. Hapo ndipo yalipoanzia malalamiko yangu, ambayo nayapanga kwa namba kwa kuwa nimeambiwa ofisini kwako kisicho na namba hakisomwi.

1. Mume wangu yuko nyumbani. Najua wake wengine wangekuletea zawadi kwa hilo. Mimi nakuletea lawama. Niliolewa na mtu ambaye Jumamosi hurudi ana jua usoni na majani kwenye soksi, akanieleza kwa mikono miwili jinsi ndege ilivyopinduka na kusimama. Sasa Jumamosi ninaye mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda akisugua kwa msasa kipande cha mbao ambacho kilishalainika tangu wiki iliyopita. Nikimuuliza una nini, anasema, "Sina kitu, mke wangu." Mtu mwenye kitu husema hivyo hivyo.

2. Zamu. Hata mimi niliyesoma hadi kidato cha nne tu, tena fizikia ikanishinda, najua kwamba upepo wa asubuhi ni mpole na wa adhuhuri ni kichaa. Kwa utaratibu wako wakurugenzi, mameneja na madaktari wanarusha asubuhi. Walimu wanafuata. Mafundi wanarusha adhuhuri, vumbi linapozunguka uwanjani kama lina pepo. Na mume wangu anarusha baada ya mafundi, peke yake, watu wakiwa wameshafunga masanduku. Ndege aliyoirusha hivyo aliitengenezea harusi yetu. Ameipaka rangi ya gauni nililovaa siku tuliyokutana kwenye foleni ya dawa, rangi ya papai bivu, na hakuiuliza rangi hiyo, aliikumbuka. Upepo wako wa mafundi uliikunja bawa. Alirudi nalo chini ya kwapa na hakuita "Natua." Aliingia tu kama mtu wa kusoma mita.

3. Kofia. Nimesikia hakimu alikuwa ndiye mwoshaji wenu wa vikombe, na akiosha kwa raha zake huku akipiga mluzi. Tangu aandike "Hakimu" kwenye kofia, vikombe vinakaa na mashapo ya chai hadi Jumamosi nyingine, kwa kuwa hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia hakimu aoshe na yeye mwenyewe anaogopa kuonekana. Mpishi wa shule alikuwa ndiye mwenye sauti ya uwanja mzima. Akisema "Wewe mwenye ndege nyekundu, shusha!" hata wewe ulishusha. Sasa amekuwa bubu, na wiki iliyopita ndege mbili ziligongana juu ya kichwa chake akizitazama zikikaribiana, maana moja ilikuwa ya daktari wa meno na nyingine ya wakala wa bima, na mpishi hakuona ni nafasi yake kusema. Hongera kwa kufahamiana.

4. Mkosi. Mume wangu hakuniambia hili, nimeambiwa na mke wa fundi majokofu tulipokuwa saluni. Kumbe wanachama waliomba asimame mbali kwa sababu kazi yake ina mkosi, na wewe ukakubali, ukasema ni "kwa usalama." Wanaume wazima wenye vyeti, wanaoamini kwamba ndege ya betri inaweza kunusa jeneza. Naomba nikukumbushe ndege yako ya injini mbili, ile iliyotoboa paa la choo cha uwanja mlinzi akiwa ndani. Siku hiyo mume wangu hakuwepo. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya saluni hii hii akinisubiri nimalize kusukwa, ameshika mkoba wangu mapajani kwa mikono miwili. Basi huo mkosi ulitoka wapi? Mimi simtaji mtu. Nasema tu kwamba rimoti ilikuwa mkononi mwa mkurugenzi.

5. Hata hivyo mimi si mtu wa kupinga maendeleo. Nimeukalia utaratibu wako, nimeutafakari, na kasoro niliyoiona ni moja, kwamba umeuacha njiani. Kama kazi ya mtu ndiyo inayompa upepo, basi tuufuate hadi mwisho. Kunguru wanaokatiza uwanja bila kazi yoyote walete barua za waajiri. Upepo wenyewe uandikiwe, kwa nakala tatu, kwamba usivume kabla mameneja hawajatua. Na ndege zianguke kwa vyeo pia, ya mkurugenzi kwanza, kama inavyofanya tayari bila kuagizwa.

Kisha tuje kwa mume wangu. Yeye kwa ujinga wake huwahudumia wateja kwa utaratibu ule wa zamani wa uwanja, aliyewahi kufika. Nitamshauri aache. Karakana nayo ifuate vyeo, wakubwa watangulie, na mafundi na wapishi wasubiri wakubwa wote waishe. Kwa hesabu hiyo, Mwenyekiti, wewe uko mstari wa mbele kabisa, na vipimo vyako mume wangu anavikadiria vizuri kwa macho kwa kuwa amesimama nyuma yako miaka mingi. Usinielewe vibaya. Sikutakii baya lolote, na Mungu akupe umri. Nafuata tangazo lako tu.

6. Hili la mwisho ndilo lililonitoa nyumbani nikaja kusimama nje ya ofisi yako kama muuza karanga. Mume wangu amesema Jumamosi ijayo ataivunja ile ndege ya rangi ya papai anitengenezee rafu ya vyombo. Amesema kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. "Mbao nzuri hizi, mke wangu, zisioze bure." Mimi rafu siitaki. Vyombo vyangu vinakaa vizuri kwenye beseni. Nikiiona sahani imekaa juu ya bawa lile kila siku nitakayoishi na mtu huyu, na naomba ziwe nyingi, nitajua kuna mahali alipokuwa akipumua na watu walimfungia mlango, na mimi mkewe nilikuwa naosha vijiko.

Kwa hiyo naomba tangazo libanduliwe kabla ya Jumamosi hiyo, kofia zifuliwe, na zamu irudi kwa aliyewahi kufika. Mtu apimwe kwa ndege yake, na ikianguka, aanguke nayo kama wenzake. Ya mume wangu huanguka sana tu, sidai kuwa yeye ni bora. Nadai aanguke asubuhi, pamoja na ninyi.

Nisalimie hakimu, mwambie vikombe vinamsubiri. Nisalimie mpishi wa shule, mwambie tunaikosa sauti yake. Salamu kwa daktari wa meno, wakala wa bima, na mlinzi wa uwanja, ambaye natumaini sasa anaingia chooni bila woga.

Ni mimi, mwenye furaha ya ndoa na kinyongo cha zamu,
Mke wa Gundi

Nyongeza: Nusura nisahau. Shangazi aliyenilea, ambaye goti lilimzuia kuja harusini, sasa amepona na anakuja kumwona mkwewe, na lazima nitamleta uwanjani. Wakati wa uchumba aliniuliza mchumba anafanya kazi gani, nami nikamwambia ni rubani. Si uongo mkubwa, kwa kuwa ukubwa wa ndege hakuniuliza. Basi naomba siku hiyo wanachama wote wamwite mume wangu Kapteni, na ile kofia yake iliyoandikwa "Majeneza" ifichwe mahali shangazi asipoweza kufika. Kama hutajali, muazime kofia yako wewe, ile ya "Mkurugenzi," na umpe zamu ya kwanza kabisa, mafundi wasubiri pembeni kidogo. Shangazi ni mtu wa kutazama kwanza mtu anafanya kazi gani, na wewe, Mwenyekiti, najua utamwelewa. Tutafika kabla ya mwezi huu kwisha.