Uzinduzi wa Nyumba ya Marra

Mheshimiwa Meya na mkufu wako wa dhahabu. Mheshimiwa Naibu Meya, unayeusubiri mkufu huo. Mchungaji wetu mpendwa. Wapiga tarumbeta wa bendi ya mji. Wajumbe wa Kamati ya Maneno, Urithi na Maegesho, ambayo mimi, Diwani Cuthbert Tinnion, ni Mwenyekiti wake kwa awamu ya nne bila mpinzani na bila uchaguzi. Wazee wetu mliochimba makaa. Mabibi na mabwana wa Skelgarth, itifaki imezingatiwa! (Makofi machache. Mikono mingi imeshika miavuli.)

Tumesimama mbele ya pazia hili jekundu kuzindua Nyumba ya Marra. Nafahamu kwamba miaka sita iliyopita, ili kupisha mchakato huu, tuliwafungia wazee chumba chao cha magazeti, mahali pekee walipokuwa wakiota moto na kubishana. Nafahamu pia kwamba tangu siku hiyo mzee Wilf Mossop na mwenzake Joss Fearon hukutana kwenye kibanda cha kituo cha basi. (Mzee Wilf: "Na basi lenyewe mmelifuta!" Kicheko.) Tumelihuisha, mzee wangu, kwa kuliondoa. (Mzee Wilf: "Cuthbert, daktari kamwambia Joss akae pakavu. Fungua mlango, kifua chake hakingoji hotuba.") Mlango umo kwenye ukurasa wa tisa. Niko wa pili.

Marra ni nini? Kwa Kiingereza chetu cha huku pwani ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, marra ni rafiki. Lakini si rafiki wa kupungiana mkono barabarani, la hasha! Utafiti wetu, uliowapeleka wajumbe wanne Hispania kwa wiki mbili, nchi ambayo neno hili halijulikani kabisa, umethibitisha jambo hilo kwa asilimia mia moja na nne. Neno hili lina umri wa zaidi ya miaka mia tano, na hapo kale lilimaanisha mwenzi wa kazi, au kimoja katika jozi, kama kiatu cha kushoto na mwenzake wa kulia. Chimbuko lake wataalamu hawalijui. Wapo wanaodhani lililetwa na mabaharia wa kaskazini. Kamati, baada ya upembuzi yakinifu, imeamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba lilizaliwa hapa Skelgarth, jirani na nyumba yangu. (Meya anakohoa.)

Kisha neno likashuka mgodini. Huko chini, bahari ikiwa juu ya vichwa vya wachimbaji, marra alikuwa yule mnayechimba naye ukuta mmoja, anayesikiliza dari inapolia ili wewe uendelee kupiga sururu. (Mzee Joss, kwa sauti ya kukwaruza: "Na panya akila mkate wake, wako unaukata katikati. Huulizwi!") Ahsante, mzee Joss. Kamati imelisajili jambo hilo kuwa Kiashiria Namba Saba: mgawanyo shirikishi wa mkate.

Na kwa msingi huo natamka bila woga kwamba mimi ni marra wenu nyote, watu elfu kumi na mbili! (Mzee Wilf: "Mtu hajiiti marra, bwana mdogo. Huitwa na wenzake." Sauti ya mama mmoja: "Wewe hata mwavuli wako hugawi!" Kicheko kirefu.) Mwavuli huu ni mali ya umma, mama, ndiyo maana nimeushika mimi.

Ndani ya Nyumba hii kutakuwa na jiko la makaa, viti kumi na vinne vyenye mito, na kila Alhamisi sufuria la viazi na nyama ya kondoo, pamoja na kabichi nyekundu ya siki. (Wazee: "Lini?") Katika kipindi cha utekelezaji! Marra juu! (Kimya.) Urithi juu! (Kimya.) Maegesho juu! (Naibu Meya, peke yake: "Juu!") Vuta pazia!

(Pazia linavutwa. Makofi, kisha yanakatika.)

Kwa kumalizia, namshukuru mwenye kiwanja, ambaye bado hajakubali kutuuzia. Mhandisi, ambaye tutamtafuta. Wakandarasi waliobomoa chumba cha zamani kwa mafanikio makubwa. Na fundi Norman Birkett, aliyechora nyumba hii na mlango wake kwenye turubai kwa ustadi hata jana mjumbe mmoja akaumia pua akijaribu kuingia. Naomba msiliegemee. Mwisho namshukuru dereva wangu, ambaye tangu asubuhi ameiacha gari ikinguruma ili nikirudi nikute joto.

(Wazee wanatazamana. Wanaanza kuiendea gari.)

Mzee Wilf, kikao hakijafungwa! Mnaelekea wapi? Hiyo ni gari ya ofisi! (Mzee Wilf, akimsaidia mwenzake kuingia: "Ingia, Joss, miguu karibu na hita. Wengine jibaneni nyuma." Mlango unafungwa. Kioo kinashushwa kidogo: "Endelea tu, Mheshimiwa. Tunakusikia vizuri.") Dereva! Dereva, nakuagiza kwa mamlaka niliyopewa: usiwaoneshe biskuti zilipo!

(Kioo kinapandishwa. Bendi inapiga.)