Nimemla Askofu Makambako

Ndugu zangu wa ofisini Njombe, leo nimejiaibisha, tena mchana kweupe. Ile meza mliyoisogeza dirishani kwa ajili ya sataranji, irudishieni mafaili yake. Sataranji haiji.

Naanza mwanzo. Mnajua daktari wa misheni alipoondoka kurudi kwao alituachia sataranji moja watu wawili: mimi niliyekuwa karani wake, na Mama Mlowe aliyekuwa mpishi wake. Aliyeshinda mchezo wa mwisho ndiye anayekaa nayo. Mimi sijakaa nayo tangu masika. (Najua mnanihesabia. Acheni.)

Nimeshuka kwenye lori hapa Makambako saa nne, baridi imenishika masikio, nikaingia mgahawani kwa mama.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Karani. Umekuja kushindwa tena? Kaa, ule kwanza."

Akaweka bakuli la viazi vidogo vya kuchemsha, na chumvi pembeni. Akapanga kete. Askofu wake mmoja alipotea wiki iliyopita, akamchonga mwingine kwa kiazi kibichi. Kamchonga vizuri, hata kofia anayo.

"Sheria ni zile zile," nikasema kwa sauti ya bomani. "Ukigusa kete yako, umeicheza. Ukigusa ya mwenzio, unaila, kama inalika."

"Haya, baba."

Mwinjilisti Mgaya wa Kidugala, aliyekuwa akisubiri lori, akasogeza kiti atazame.

Sasa niwaeleze ulinzi wa mama huyu, maana lazima nimsifu. Mfalme anamficha pembeni, nyuma ya askari watatu. Askari mmoja anasogea hatua moja tu, na katika ule mwanya anakaa askofu. Basi! Anatulia pale kama bawabu, lakini jicho lake linavuka ubao mzima hadi kona ya pili. Kila ukimwendea mfalme, unamkuta yeye. Ulinzi huo umenitoa jasho miezi yote, na wala mama hakufundishwa na mtu. Aliuona akipanga sahani mezani kwa daktari.

Leo nilikuja na dawa yake. Nikamtuma askari wangu wa ukingoni, hatua kwa hatua, akauvunja ule ukuta. Njia ikafunguka, ngome yangu ikaitawala. Katikati ya vurugu hiyo, ncha ya shuka la mama ikamgusa farasi wake.

"Umegusa, mama."

"Ni shuka, Karani."

"Sheria ni sheria."

Akamchezesha bila kunung'unika. (Mungu anaona.) Hapo hapo malkia wangu akaingia ndani kabisa, akasimama ubavuni kwa askofu, ngome ikiwa nyuma yake. Mfalme akakimbia hatua moja. Mwinjilisti akapiga mluzi. Mama mwenyewe akasema, "Leo umecheza, mwanangu." Nikavimba kichwa!

Alibaki askofu tu. Nimlete askofu wangu, walane na wake, mfalme abaki bila mlinzi, na jioni sataranji ipande lori na mimi. Nikawaza. Nikala kiazi. Nikawaza tena, macho kwenye ile kona, mkono unajiendea wenyewe, nikala kingine. Hicho kikanigomea.

"Mama," nikasema huku natafuna, "hiki kimoja hakijaiva."

Mama akautazama ubao. Akanitazama mdomo.

"Hicho sikukipika, Karani. Hicho ni askofu."

(Nilikuwa nimeshammeza hadi kiunoni.)

Mwinjilisti akashika nguzo asianguke. "Sisi Walutheri wa huku hata askofu hatujapata, na huyu wa kiazi umemla!" Wapakizi wa lori wakaja kuuliza kuna nini. Kila aliyefika alisimuliwa upya, tangu mwanzo, nami nimekaa pale pale.

Nikaomba tuchonge mwingine tuendelee. Mama akajifuta machozi ya kicheko, akauliza kwa upole, "Ulimgusa?"

"Nilimgusa."

"Basi mle."

"Mama, si nimeshamla!"

"Umemla kwa meno. Sasa mle kwa sheria."

Nikautazama ubao. Kati ya kete zangu zote, ya kumfikia askofu yule ilikuwa moja tu: malkia. Na mfalme wa mama alikuwa amekaa jirani, anasubiri. Malkia wangu akasogea pale palipokuwa na kiazi, mfalme akamla. Mashambulizi yote yakaishia hapo. Hatua kumi baadaye nikamlaza mfalme wangu mwenyewe, nikampa mama mkono. Jamani, nimemvulia kofia. Mtu ameliwa askofu mbele ya macho yake, na bado anashinda, tena kwa sheria ya mlaji!

Barua hii anatangulia nayo dereva. Mimi naja kesho. Mama amenifungia viazi vya njiani kwenye kitambaa. "Hawa wote ni waumini tu," amesema. "Kula bila wasiwasi."

Kwa hiyo chekeni leo, mmalize leo leo. Kesho nikiingia ofisini, atakayeniuliza kama nimekula, tutakosana.