Hamira Marehemu

Jumatano, 8 Aprili

Wiki ya tatu tangu daktari amkataze Mama maziwa na kila kitu cha maziwa. Anakonda. Chinsaga, ile mboga chungu ambayo sisi huilaza na maziwa usiku kucha, sasa huionja mara moja na kusukuma sahani. Anasema afadhali atafune majani chai huko shambani.

Leo nimepata jibu katika jarida la maktaba ya shule! Kuna hamira ya kula, ya manjano, yenye ladha ya jibini na isiyo na tone la maziwa. Siri yake: ni hamira iliyokufa. Jumapili kikundi cha akina mama wa kanisa kinakutana kwetu. Mama atakula sahani nzima mbele yao. Nimepiga mstari chini ya neno "nzima".

Alhamisi, 9 Aprili

Sokoni Litein. Niliifanyia sentensi yangu mazoezi mara sita nje ya duka la Mellen. Kisha nikaingia na kuuliza kwa adabu kama ana hamira iliyokufa.

Akauliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Akasema ni Dorcus wa duka la ng'ambo, na nikamwambie kwamba hamira ya Mellen haijawahi kufa tangu afungue duka. Nikavuka barabara na kumwambia Dorcus neno kwa neno. Kosa dogo. Niliwaacha wakirushiana maneno juu ya vichwa vya watu wa bodaboda.

Kiplangat, tunayekaa naye dawati moja, alisikia yote. "Omariba, matanga ya hiyo hamira ni lini, tuje na viti?" Halafu akasema mamake hutia njugu za kusaga kwenye mboga. Njugu! Huyu hajawahi kumaliza kitabu.

Jumamosi, 11 Aprili

Kama hawaiuzi ikiwa imekufa, nitaiua mwenyewe. Jana nilinunua pakiti kumi kwa Dorcus. Kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imefika: mtoto wa Bilhah, yaani mimi, anapika busaa, pombe ya kienyeji. Mama alinifanya nimpumulie usoni mara mbili. Sikujitetea. Nataka ashangae Jumapili.

Jarida linasema joto huua. Niliianika juani kwenye bati. Saa nane mvua, kama kila siku hapa. Nikaihamishia kando ya jiko, mahali penye joto zuri. Baada ya saa moja niliichunguza kwa makini. Haikusogea hata chembe moja. Imekufa.

Jioni nimeichanganya na chinsaga, maji ya vuguvugu na vijiko vitatu vya sukari kupunguza uchungu. Nimefunika sufuria na kuiacha papo hapo ilale.

Jumapili, 12 Aprili

Mama Nyagaka, mwenyekiti, alikuwa katikati ya maombi ya kufungua mkutano, kifuniko cha sufuria kilipoanguka chenyewe jikoni. Povu la kijani lilitambaa hadi mlangoni. Harufu: busaa, bila shaka yoyote. Mama Nyagaka hakufumbua macho. Alirefusha maombi na kuongeza jina langu.

Mama aliniuliza ni nini hiki. Nikasema ni maziwa, ila si maziwa. Nikasema pia kwamba anakonda. Akacheka hadi akashika ukuta. Sijamsikia akicheka tangu hospitali.

Sally, mamake Kiplangat, alikuwa amekuja na bakuli la chinsaga ya njugu. Mama alikula sahani mbili. Nzima.

Jumatatu, 13 Aprili

Mama ameomba njugu zaidi. Ni wazi kwamba wazo langu lilikuwa sahihi: alihitaji kitu mahali pa maziwa. Kasoro ilikuwa moja tu. Hamira haikufa vizuri.

Leo Mellen ameniita dukani, akafunga mlango nusu. Amepata pakiti moja nyuma ya rafu, imepitwa na wakati miaka minne. Nichukue tu, ila Dorcus asijue.

Nimeipima kwa maji ya vuguvugu na sukari. Hakuna povu. Imekufa kabisa!

Jumapili ijayo kikundi kinakutana kwa kina Kiplangat. Nimemwambia mamake asihangaike na njugu. Mboga nitaleta mimi.