Kuhusu Kutemwa kwa Mdakaji Tavárez na Madhara Yake Barazani Kwangu

Bi. Bernadette Hudak,
Upande wa Magharibi,
Youngstown, Ohio.
Jumapili, baada ya misa.

Kwa Bwana Meneja Mkuu,
Klabu ya Besiboli ya Wafua Chuma.

Mheshimiwa Bwana Ahlgren,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako, na kwamba mkeo amepona ule mguu uliotajwa gazetini. Mimi mwili hauna neno. Ni ya moyoni yaliyonikalisha mezani leo, na soseji zinanisubiri jikoni.

Mimi ni mjane wa miaka sabini na miwili, dereva mstaafu wa basi la shule. Si mtu wa kulalamika ovyo. Maisha yangu yote nimeandika barua moja tu ya malalamiko, kwa Askofu, kuhusu kengele ya alfajiri, na kengele ikanyamaza. Sikutishi, Bwana Ahlgren. Nataka tu ujue ni nani anayekuandikia.

Kwaresima iliyopita mlimtema Eusebio Tavárez, aliyechuchumaa nyuma ya wapigaji na kudaka mipira ya warushaji wetu tangu mume wangu Joe akiwa hai. Saa hiyohiyo mkamkalisha kijana Cody Landreth mbele ya kamera, akamwaga wino kwa mkataba wa miaka minane. Madhara ya uamuzi huo nayaeleza hapa chini. Nimeyapa namba kwa sababu nasikia ofisini kwenu siku hizi mnazielewa namba kuliko watu.

1. Siku mliyoichagua. Mlitangaza habari hiyo Ijumaa jioni, wakati parokia nzima imepanga foleni ukumbini kwa ajili ya samaki wa Kwaresima. Habari ikaingia kwenye simu ya mtu mmoja, ikapita foleni yote kama moto wa nyasi kavu. Nyuma yangu alikuwa kaka yangu, Regis Kolesar, ambaye ana miaka mitatu zaidi yangu na ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Akasema, na sahani mkononi, "Wamefanya la maana. Yule mzee magoti yamekwisha."

Nikamjibu kwamba magoti yake yeye yalikwisha zamani, yakawekwa ya chuma, na mbona hatujamtema. Watu wakacheka. Regis hakucheka. Akaweka sahani yake ya samaki na tambi za kabichi juu ya piano, akatoka nje bila koti. Mngetangaza Jumatatu kama watu wengine, nisingekuwa na hadhira, na nisingesema.

2. Urefu wa mkataba. Miaka minane! Mimi kwa umri huu sinunui hata maziwa ya kopo kubwa, na nyinyi mmenifungisha ndoa na kijana wa miaka ishirini na miwili hadi nitakapokuwa kitandani sijui jina langu. Joe na mimi tuliishi pamoja hadi kifo chake na hakuwa na mkataba wowote wa miaka. Kila asubuhi ilimbidi aipiganie nafasi yake kikosini, na ndiyo maana hakuwahi kuacha viatu njiani. Regis anasema kijana lazima uwekeze kwake mapema, kabla wenye pesa wa miji mikubwa hawajamnyakua. Nikamuuliza kama aliwekeza mapema kwa mwanawe Dennis, na Dennis yuko wapi. Yuko Florida. Anauza maboti na hapigi simu.

Nakiri hilo la Dennis lilizidi kipimo. Lakini chanzo ni mkataba.

3. Redio. Hapa naomba usome taratibu. Tangu Joe azikwe, Regis amekuwa akivuka barabara kila siku ya mechi na kiti chake cha kukunja, anakaa kwenye baraza langu, tunasikiliza mechi. Hatukuwahi kualikana. Siku ya kwanza alikuja tu, akafungua kiti, akaniuliza kama kuna chumvi ya karanga. Sasa anasikiliza kwenye baraza lake, ng'ambo ya barabara, ananitazama kama balozi wa nchi tuliyopigana nayo.

Yeye ana redio ya zamani. Mimi mjukuu wangu alinipa kishikwambi, na matangazo ya kishikwambi huchelewa nyuma ya redio kwa muda wa mtu kumeza tonge. Kwa hiyo namsikia Regis akiguna kabla mrushaji wangu hajainua mkono. Msimu wote nimejua yajayo kama nabii, na hakuna nabii aliyewahi kufurahia mechi. Mbaya zaidi, ameligundua hilo. Siku hizi huruka na kushangilia pasipo sababu, nami nangoja mpigaji wetu auvushe mpira ukuta wa uwanja, wala hauvuki. Mzee wa miaka sabini na mitano, mwenye magoti ya chuma, anaruka barazani kunidanganya. Akianguka, nitamwambia daktari awaandikie nyinyi.

4. Harusi. Mwezi Juni Janine, binti wa Regis, aliolewa. Kwa kawaida kanisani mnaulizwa mlangoni kama mmetoka kwa bwana au kwa bibi harusi. Safari hii binamu zetu waliuliza kama mnaunga mkono kutemwa kwa Tavárez au mnapinga. Wazazi wa bwana harusi wametoka Nebraska, watu wapole, wakulima, hawajui lolote. Walimuuliza binamu Loretta huyo Tavárez alifanya kosa gani, na Loretta akawaeleza hadi misa ikaanza. Wakaketi upande wangu.

Unajua kwamba katika mji huu harusi bila meza ya biskuti si harusi, na kwamba shangazi ndiye anayeongoza uokaji. Niliongoza. Nilioka usiku na mchana, na kila biskuti niliichora kwa sukari namba kumi na nne, namba ya jezi ya Tavárez. Watu wa Regis waligoma kuzila. Mjomba wetu Aloys, ambaye daktari amemkataza sukari na anamuunga mkono Landreth, alionekana amesimama mbele ya meza akilia. Baadaye alikutwa anakwangua namba kwa kisu cha siagi ili ale biskuti isiyo na siasa.

Kisha Regis akasimama kuwatakia heri maharusi. Alianza vizuri, akamtaja marehemu mama yetu. Halafu akasema, akinitazama mimi, "Mkataba mrefu kwa kijana ni imani. Anayeogopa miaka mingi anaogopa kupenda." Ukumbi mzima ukapiga makofi wakidhani anazungumza juu ya ndoa. Nikasimama nikasema kwamba hata katika ndoa, humfukuzi aliyekulinda miaka yote kwa kuwa amepata maumivu ya goti. Wakapiga makofi tena, hasa wanawake. Padri Timko akawaambia wanamuziki wapige polka, akatushika mikono mimi na kaka yangu, akatusukuma katikati. Tulicheza wimbo mzima. Regis anacheza polka kuliko mtu yeyote upande wetu wa mji. Hakunitazama hata mara moja, nami nilitazama tai yake. Ilikuwa ile niliyomnunulia.

5. Kanisa. Nilikwenda kuungama chuki niliyo nayo kwa kijana Landreth. Padri Timko akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama na mimi nimeona kwamba mkono wa kijana huyo haufikishi mpira kituo cha pili. Sikupewa kitubio chochote. Sasa sijui kama nimesamehewa au nimeandikishwa chama.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Mrudisheni Tavárez mara moja, naye mpeni miaka minane, ili haki iwe sawa. Mkataba ukiisha atakuwa na miaka arobaini na mitano, umri ambao Regis alibeba friji yangu ngazini peke yake. Mpelekeni Landreth timu ya chini hadi ajifunze kuuzuia mpira unaodunda, maana kwa sasa unampita katikati ya miguu kama paka anayejua mlango wake. Na siku nyingine, kabla hamjamtema mchezaji aliyevuka miaka thelathini na mitano, tumeni mtu azungumze na familia zinazohusika. Sisemi familia ya mchezaji. Hiyo mnailipa. Nasema sisi.

Ikiwa hayo hayawezekani, basi nina ombi moja badala yake, nami nimelifikiria vya kutosha. Nyinyi mna utaratibu wa kubadilishana watu. Ukiwa na mchezaji asiyekufaa, unampigia simu mwenzio wa mji mwingine, asubuhi mmempandisha ndege, jioni umepata mwingine. Naomba mnitafutie kaka. Asiwe na masharti mengi. Awe anasikia, awe anapenda karanga, na awe anaishi ng'ambo ya barabara. Kwa upande wangu namtoa Regis pamoja na kiti chake, na niko tayari kuongeza mashine ya kukata nyasi. Mkiulizwa kasoro zake, semeni ukweli: ni mkaidi, anadanganya kwa kuruka, na aliwahi kulala kwenye kiti cha hospitali wiki nzima Joe alipokuwa mgonjwa, jambo lililomharibia mgongo.

Ukiisoma upya sentensi hiyo utaona ugumu wa kupata wa kubadilishana naye. Ndiyo maana nimesema mrudisheni Tavárez, ni rahisi zaidi.

Nisalimie mkeo na mguu wake. Wasalimie wafanyakazi wote wa klabu, yule mama anayepiga kinanda uwanjani, wauza soseji wa jukwaa la tatu, na kijana Landreth pia, kwa kuwa mama yake hajanikosea.

Wako katika uaminifu ambao umejaribiwa vikali msimu huu,

Bernadette Hudak (Bi.)

N.B. Barua hii imekaa mezani hadi leo Alhamisi kwa kukosa stempu, na afadhali. Jana alasiri Landreth aliachia mipira mitatu ikampita, tukafungwa. Kabla kishikwambi changu hakijaniambia, Regis alikuwa ameshavuka barabara na kiti chake. Akakifungua, akakaa, akasema, "Bernie, ulikuwa sawa. Kijana hafai."

Bwana Ahlgren, hilo ndilo neno nililolingoja tangu Kwaresima. Nikamletea kahawa, nikamletea karanga. Leo mchana akaja tena kusikiliza mechi. Regis akasema Tavárez angeidaka ile mipira ya jana. Nikasema kweli. Akasema miaka minane ni wazimu. Nikasema kweli. Kufikia ungwe ya nne kati ya tisa tulikuwa tumekaa kimya kama watu wawili wanaongoja kuitwa na daktari wa meno. Nikamwona anatazama nyumba yake. Nikaona anaanza kutafuta kofia.

Nikamwambia, "Mtoto ana miaka ishirini na miwili tu, Regis. Mpe muda."

Akageuka na kiti chote. "Muda? Huyo? Wewe umechanganyikiwa?"

Nikamwambia kwamba wazee ndivyo tulivyo, tunataka kila kitu kiive leo. Akaniita jina ambalo hajaniita tangu tukiwa watoto. Tumegombana hadi jirani akafunga dirisha, na mechi iliisha zamani bila sisi kujua nani kashinda. Anakuja tena kesho. Ameahidi kuniletea hoja.

Kwa hiyo naomba uyapuuze yote yaliyoandikwa hapo juu. Tavárez msimrudishe kwa hali yoyote, kwani sisi wawili tungekubaliana. Landreth mbakizeni, na kama wanasheria wenu wanaweza kuufikisha mkataba wake miaka kumi, nitatia sahihi kama shahidi. Jumanne mnacheza nyumbani. Mpangeni, tafadhali. Akidondosha mmoja au miwili msimgombeze sana. Mwambieni yuko mahali pake, na kwamba Youngstown kuna watu wawili ambao hawajui wangefanya nini bila yeye.